Kinyama kilichotupwa kwenye ndoo

Mhariri, naomba kanafasi kidogo maana hili limenikaa kooni. Mdogo wangu alikuwa na uvimbe pajani, ukubwa wa embe dogo, hauumi wala nini, akaenda kituo kimoja cha mtaani wakamwambia hayo mafuta tu, wakapiga ganzi wakakata, nusu saa kashatoka. Nilimsindikiza mimi. Nilikiona kile kinyama kwenye kisahani, cheupe kinateleza kama minofu ya samaki, nikauliza kinapelekwa wapi, dada akacheka, "kwani unataka ukakaange?" akakitia kwenye ndoo.

Miezi saba tu uvimbe ukarudi palepale kwenye kovu, na mkubwa zaidi. Hospitali ya rufaa daktari swali lake la kwanza lilikuwa majibu ya maabara ya kile kinyama cha mwanzo yako wapi, tukatazamana. Wakapiga picha ya MRI, wakatoa kipande kwa sindano nene, maabara ikasema inaona seli ndefu nyembamba ila jina hawawezi kutaja, eti saratani nyingi za nyama laini zinafanana hivyo kwenye darubini. Ikabidi kile kipande kilichogandishwa kwenye nta kiende Dar, nimekipakata mimi kwenye basi ndani ya bahasha, wakapime protini halafu jeni. Jibu likaja sinovia sakoma, moja ya hizo saratani za nyama laini zinazoitwa sakoma. Na jina lenyewe linadanganya jamani, sinovia ni utando wa ndani ya jointi lakini huu ugonjwa hautoki huko, ni jeni mbili, SS18 na SSX, zimekatika zikaungana vibaya.

Kuna watu wanasema jina la nini, saratani ni saratani. Sio kweli, sakoma ziko aina zaidi ya 50 na dawa inayoishika hii ile inaipita tu. Hata hayo "mafuta" kuna ya kawaida na kuna liposakoma, yaani sakoma ya mafuta, na wakati mwingine hata mtaalamu hawezi kuzitofautisha mpaka apime jeni ya MDM2, sasa wewe wa mtaani umejuaje kwa kubonyeza na kidole?

Ombi langu kwa wizara, uvimbe uliozidi sentimita 5, au unaokua, au uliozama kwenye msuli, usiguswe na kisu kabla ya picha na sindano. Na kituo kisichokuwa na kopo la formalini, ile dawa ya kuhifadhia kinyama kisioze kabla ya kupimwa, kisikate kabisa.

Msomaji wenu,
Morogoro