Mshahara wa teknolojia umehama, vijana waambiwe

Mhariri,

Vijana wengi wa Mombasa humaliza kozi za teknolojia wakijua kuweka Windows, kuvuta waya na kufufua printa. Kazi hizo zipo, ila malipo yake yamedumaa. Ofisi iliyokuwa na seva (kompyuta kuu) yake ya barua pepe, na mtu wa kuitunza, sasa hulipia huduma hiyo kwa mwezi kutoka Google au Microsoft. Tovuti ya kurasa tano haihitaji mtu wa kudumu, na akili unde imezidi kushusha bei ya programu nyepesi.

Pesa zimehamia pale ambapo mfumo ukisimama, biashara nayo husimama. Hapa kwetu ni kwa mawakala wa forodha, maghala ya Changamwe, hoteli za Nyali na kila duka linalopokea M-Pesa.

Tazama kazi ya kuunganisha M-Pesa na mfumo wa duka. Kutuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja si kazi kubwa. Ugumu uko kwenye jibu la M-Pesa kwa mfumo wa duka: laweza kuchelewa, lisifike kabisa, au lije mara mbili. Programu isiyokagua nambari ya muamala huandika malipo yaleyale mara mbili. Isiyouliza hali ya muamala jibu linapopotea humnyima mteja bidhaa aliyokwisha kuilipia. Anayeziba mianya hiyo, na kulinganisha hesabu za duka na taarifa ya M-Pesa kila jioni, ndiye anayeitwa tena.

Kisha kuna nakala rudufu, yaani nakala ya akiba ya data, kazi inayodharauliwa mpaka siku ya msiba. Ofisi nyingi huiweka kwenye diski iliyochomekwa kutwa kwenye seva ileile, na wadukuzi wanaofunga mafaili ili walipwe hufunga na diski hiyo. Kanuni ni nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae nje ya jengo. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa isihesabiwe kabisa. Tena Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yaipa kampuni saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data pale data za watu zinapovuja na kuwatia hatarini. Bila kumbukumbu za nani aliingia kwenye mfumo na lini, saa hizo huishia kwenye kukisia.

Mazoezi hayahitaji mtaji mkubwa. Kompyuta kuukuu yenye RAM ya gigabaiti 8 yatosha. Weka Linux (mfumo endeshi) na PostgreSQL (programu ya hifadhidata), jaza rekodi elfu kumi, chukua nakala, futa zote, kisha uzirudishe huku ukihesabu dakika. Andika palipokwama na kwa nini. Karatasi hiyo, kwa maoni yetu, ina uzito kwenye usaili kuliko cheti kitupu. Mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, usiulipie kabla ya kuhitajika, kwani cheti chake hudumu miaka 3 tu. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kufanyia mazoezi ya mitandao, ni ya bure. Ukikodi seva za wingu, yaani za mbali kupitia intaneti, weka kwanza onyo la bajeti, maana mashine uliyosahau kuizima huendelea kutozwa.

Waajiri nao waache tangazo moja linalotafuta mtunzi wa programu, mlinzi wa mtandao na fundi wa printa kwa mshahara wa mtu mmoja. Mwenye ujuzi hulipita.

Na Sh100,000 za ajira si sawa na Sh100,000 za kandarasi. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya SHIF (bima ya afya) na 1.5 ya tozo ya nyumba, lakini mwajiri huchangia tozo hiyo na NSSF (akiba ya uzeeni), na likizo ya siku 21 kwa mwaka ni haki yake. Wa kandarasi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 (hukatwa kabla hajalipwa), hujilipia bima ya afya, na asipofanya kazi halipwi. Kijana akiulizwa anataka kiasi gani, aulize kwanza ni mkataba wa aina gani, na mfumo ukianguka saa nane za usiku akapigiwa simu, kazi hiyo atalipwa vipi. Jibu liandikwe kwenye mkataba kabla ya sahihi.

Mafundi wa mifumo,
Tudor, Mombasa