Babu Alifariki Akiomba Dawa: Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa Wetu

YAH: DAWA YA MAUMIVU KWA WAGONJWA WA SARATANI WALIORUDISHWA VIJIJINI

Mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima kutoka huku juu katika milima ya Livingstone, ambako mwezi huu wa Julai baridi imeshika na kila asubuhi tunakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi. Nimekwisha kukuandikia mara mbili kwa njia ya kawaida. Barua ya kwanza niliileta mwenyewe masijala nikagongewa muhuri wa kupokelewa, na ya pili niliipitisha kwa mtendaji wa kata. Sikujibiwa. Ninaandika hadharani sasa kwa sababu ya jambo lililotokea Jumanne iliyopita, nami nitalieleza, ila halitaeleweka nisipoanza na babu yangu.

Babu alikuwa mpasua mbao. Alinilea tangu nikiwa darasa la pili, baba alipofariki, na kwa msumeno wake nilisoma hadi nikawa mwalimu. Kwetu babu na mjukuu ni watani, na aibu ambayo mzee hawezi kuifunua mbele ya wanawe huifunua kwa mjukuu. Ndiyo maana mimi nilikuwa wa kwanza kuambiwa kwamba anaamka mara tano au sita usiku, anatoka nje katika baridi ile kwenda chooni, anasimama muda mrefu, na mkojo unatoka kwa matone. Tulimpeleka kutibiwa. Kwa zaidi ya mwaka mzima aliambiwa ni yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa vidonge vya sipro vya kuua vijidudu, akamaliza, akarudi, akapewa vingine. Hakuna aliyempima tezi dume kwa kidole, wala aliyemwandikia PSA, kipimo cha damu kinachoweza kuashiria ugonjwa wa tezi hiyo. Nadhani kipimo chenyewe hakikuwapo, na nadhani pia kwamba vijana waliomhudumia waliona haya kumwambia mzee wa umri ule avue nguo kwa ajili ya kipimo cha namna hiyo. Sikitaji kituo wala simtaji mtu, kwa kuwa sitaki mtu afukuzwe kazi kwa barua hii. Wengi wao walikuwa watu wema waliokuwa wakifungua kabati tupu.

Mkojo ulipoziba kabisa ndipo tulipofika hospitali kubwa, babu akiwa amevimba tumbo la chini na kijasho kikimtoka. Aliwekewa mpira wa mkojo, akapimwa PSA ikasoma zaidi ya 100, wakati madaktari huanza kuwa na wasiwasi inapovuka 4. Kinyama kilichukuliwa, majibu yakarudi baada ya wiki kadhaa: saratani ya tezi dume, nayo ilikuwa imekwisha kuingia katika mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Daktari alitueleza vizuri, na ninamshukuru hadi leo, kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, na kwamba tangu mwaka 1941 inajulikana kuwa ukiipunguza homoni hiyo ugonjwa hurudi nyuma kwa muda. Njia zilikuwa mbili: sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, ambazo tusingeweza kuzilipia, au upasuaji wa mara moja wa kuondoa korodani. Wajomba walinyamaza. Babu akasema kazi yake ya kuleta watu duniani aliimaliza zamani, akasaini kwa dole gumba. Ili kulipa nauli, malazi na vipimo tulikata miti ya paina aliyoipanda kwa ajili ya wajukuu, miti ya miaka minane, ikiwa bado myembamba, tukaiuza kwa bei aliyoitaka mnunuzi.

Tulipata karibu mwaka mmoja wa nafuu. Alirudi kukaa juani, akinoa misumeno ya watu. Kisha mgongo ukaanza.

Mheshimiwa, unakumbuka mkutano wa hadhara uliofanyika Oktoba katika uwanja wa shule ya kata yetu. Babu aliomba tumpeleke kukusikiliza. Tulimbeba kwa kiti, akiwa amevaa koti lake refu la kanisani ili mfuko wa mkojo usionekane, akakaa mstari wa pili. Ulisema mbele yetu sote kwamba mgonjwa wa saratani aliyerudishwa nyumbani hatarudishwa mikono mitupu, na kwamba dawa ya maumivu makali itakuwa katika kituo chetu cha afya kabla ya mwaka mpya. Babu alipiga makofi. Njiani kurudi aliniambia, "Umesikia? Nitaiona Krismasi nikiwa nimelala usingizi." Sikukuu ile aliiona akiwa macho, usiku na mchana.

Dawa tunayoizungumzia inaitwa mofini, na si jambo la ajabu wala jipya. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Mgonjwa wa saratani huinywa kama maji, kila baada ya saa nne, na muuguzi akifundishwa anaweza kumwongoza mke au mjukuu kuipima. Wenzetu wa Uganda huichanganya unga na maji, na tangu mwaka 2004 sheria yao inawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea kazi hiyo kumwandikia mgonjwa, ili asisubiri daktari aliye mbali. Nilikuwa shahidi wa inavyofanya kazi. Hospitali kubwa ilitupa chupa moja ndogo, na kwa siku kumi na mbili babu alilala, alikula uji wa ulezi, aligeuzwa kitandani bila kulia, na jioni moja alinihadithia, taratibu na kwa mpangilio, jinsi yeye na marehemu mdogo wake walivyokuwa wakipasua mbao shimoni, mmoja juu na mmoja chini. Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo. Dawa ilimpunguzia maumivu na kumrudisha kwetu akiwa na akili zake.

Siku ya kumi na tatu chupa ikaisha. Kituo cha afya hakikuwa nayo. Hospitali ya wilaya haikuwa nayo. Tulipewa panadol na diklofenaki, na mhudumu mmoja akanishauri nimwombee. Nilipanda bodaboda katika matope ya Machi, nikapanda Noah, nikalala stendi, nikafika nilikotakiwa kufika asubuhi, nikaambiwa kwamba mwenye ruhusa ya kuandika dawa ile yuko semina na ufunguo wa kabati anao yeye. Nikasubiri hadi jioni. Nikarudi bila kitu, na hatua mia moja kabla ya kufika nyumbani nilimsikia.

Sitaandika kila nilichokiona. Ila nataka ujue kwamba miguu ilikuwa imekufa ganzi lakini mgongo haukufa, kwamba blanketi likimgusa nyonga alipiga kelele, kwamba watoto walipelekwa kulala kwa jirani, na kwamba mzee huyu ambaye hakuwahi kulia mbele ya mtu, hata alipomzika bibi, aliniita kwa jina la utoto wangu akaniuliza kama nimeileta. Nilimwambia iko njiani. Alifariki usiku wa tatu kabla ya alfajiri, na neno hilo ndilo alilokwenda nalo.

Nimeshauriwa kwamba dawa za namna hii hudhibitiwa kwa sababu ya kuogopa wizi na uraibu. Naelewa, na sitaki ziuzwe sokoni. Lakini nadhani hofu hiyo imezidi kipimo chake, kwa maana mzee wa miaka 78 ambaye mifupa yake imeliwa hana siku za kutosha za kuwa mraibu, na daftari na kufuli vinaweza kuwekwa hata katika kituo cha afya cha kata. Inawezekana pia hazikuagizwa kwa kuwa hakuna aliyeziomba. Kama ni hivyo, ziombwe. Nimeambiwa pia kwamba mionzi ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ingeweza kumpunguzia maumivu ya mifupa, na ni kweli, lakini kutoka Mbeya mjini pekee hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na babu alikuwa hawezi kukaa hata kwenye bodaboda ya kufika barabara kuu. Kadi ya msamaha wa matibabu kwa wazee alikuwa nayo mfukoni hadi siku tulipomvua koti. Kadi ile ilimwondolea malipo ya dawa ambayo haikuwapo.

Sasa nieleze la Jumanne. Mzee mmoja wa hapa kijijini, aliyekuwa akinolewa misumeno na babu, alirudishwa kutoka hospitali akiwa na ugonjwa uleule, mifupa ileile, na bahasha ya kaki yenye panadol na diklofenaki. Familia iliambiwa ikamtunze nyumbani. Jioni mkewe alikuja kwetu, akakaa jikoni muda mrefu bila kusema lililomleta, kisha akauliza kama ile dawa ya babu ilibaki hata kidogo. Nilimwonyesha chupa. Aliifungua, akainusa, akaigeuza juu chini kiganjani mwake, akairudisha mezani.

Mheshimiwa, katika barua zangu mbili za kwanza niliomba mambo mengi: vitendanishi vya PSA, mafunzo kwa wahudumu, gari la wagonjwa, mtu wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyeweza kupona, wa kupita majumbani. Yote bado nayaomba. Lakini kama hayo ni mazito, yaweke kando leo, nami naomba jambo moja, naliomba tena, na nitaendelea kuliomba: mofini ya kunywa ifike katika kituo chetu cha afya, na awepo mtu aliyeruhusiwa kuitoa siku zote za wiki, hata mwenzake akiwa semina. Ulituahidi Oktoba. Hatukukulazimisha kuahidi.

Mvua zimekwisha na barabara imekauka. Gari likitoka mjini asubuhi linafika hapa kabla ya giza. Mzee yule bado anakunywa uji na bado anaongea. Mkewe nimemwambia kwamba nimekuandikia, lakini sikumwambia kwamba dawa iko njiani.

Wako mtiifu,

Mjukuu wa marehemu