Bustani ya nyuki haihitaji kufagiwa kila siku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaopanda bustani ndogo za kuvutia nyuki na vipepeo. Nafurahi sana kuona jambo hili linaenea. Ila bustani nyingi zina maua tele na wadudu hawaonekani, na kwa maoni yangu kinachowafukuza ni usafi uliopita kiasi.

Tunafagia kila jani, tunasakafia kila pembe, kisha tunamsubiri nyuki. Atazalia wapi? Duniani kuna aina takribani 20,000 za nyuki, na walio wengi hawaishi mzingani. Kila jike hujichimbia shimo lake ardhini, au hutaga ndani ya bua kavu lenye uwazi. Kipande cha udongo mtupu penye jua, kisichochimbuliwa mara kwa mara, kitawafaa kuliko chungu kingine cha maua.

Na nyuki hao tunawahitaji. Litazame ua la mnyanya kwa karibu: chavua yake, ule unga unaoliwezesha ua kuzaa tunda, imefungiwa ndani. Wapo nyuki wanaolikumbatia na kutetemesha misuli ya kifua mpaka chavua ikawamwagikia tumboni, kama chumvi itokayo kwenye kikopo chenye matundu. Ukisimama kimya unausikia mvumo wake. Nyuki wa asali hafanyi hivyo.

Kuhusu maua, chagua ya asili ya eneo lako, yanayopokezana kuchanua. Jihadhari na yale yaliyozalishwa yawe na petali rundo. Mara nyingi petali hizo zimechukua nafasi ya stameni, yaani sehemu zinazotoa chavua, na mdudu akitua anaambulia patupu. Ukinunua miche, uliza kama ilipigwa dawa, maana zipo dawa zinazopenya hadi kwenye nekta, yale maji matamu ya ua anayoyafuata nyuki.

Viwavi nao, jamani, tuwavumilie. Tunataka vipepeo, lakini jani likitobolewa tu tunakimbilia bomba la dawa! Vipepeo wengi hutaga kwenye mimea michache tu ambayo viwavi wao wanaweza kuila. Mmea huo ukiung'oa, kizazi kijacho hakipo. Hata ndege wengi hulisha makinda yao viwavi hao hao.

Kwa wanaosimamia bustani za shule na za umma, nina ombi: tengeni pembe moja isifyekwe wala kupuliziwa dawa mwaka mzima, na muweke kibao cha kueleza sababu, wapita njia wasije wakadhani ni uzembe.

Msomaji wako