Mnunuzi wa gari letu anakuja Jumamosi, nimwambie au ninyamaze?

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum, wewe na wasomaji wote. Mimi ni mama wa watoto wanne, mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini. Nina jambo linaloninyima usingizi, na ajabu yake ni kwamba ni jambo la gari, wakati mimi hadi mwaka juzi nilikuwa sijui hata boneti linafunguliwa wapi. Naomba mnivumilie, nitaeleza kirefu kidogo, kwa sababu nikifupisha mtanijibu kama wanavyonijibu nyumbani: "Si gari tu hilo?"

Ni gari la familia la viti vinane, lenye mlango mmoja wa kusukuma ubavuni, la mwaka 2003, lililokuja kutoka Japani likiwa limeshatumika. Jina la kampuni nalihifadhi, maana mengi yaliyolisibu si ya kiwandani, mtaona mbele. Tulilinunua kwa mtu hapa hapa nchini, sisi tukiwa wa tatu kulimiliki. Lilikuwa na redio ya kutikisa madirisha ya jirani, taa mbili kubwa za ziada mbele, na king'ora cha rimoti kinacholia hata paka akipita. Mume wangu aliyapenda mapambo hayo kuliko injini.

Ugonjwa ulianzia kwenye betri. Ukilaza gari usiku, asubuhi ukizungusha ufunguo linakohoa mara moja, kimya. Tukabadilisha betri, na baada ya miezi michache tukabadilisha tena. Fundi wetu ni mdogo wake mume wangu, shemeji yangu, na dawa yake ilikuwa rahisi: kila jioni tufungue boneti, tulegeze terminali ya hasi, asubuhi tuirudishe. Basi spana namba 10 ikapata msumari wake ukutani, pembeni ya swichi ya taa ya sebuleni. Mwanangu wa darasa la tatu aliijua kazi hiyo kuliko jedwali la kuzidisha.

Baadaye zikaja vituko. Ukikanyaga breki, indiketa ya kushoto inawaka hafifu kama kaa linalokaribia kufa. Ukiwasha wipa ya nyuma, taa ya kibao cha namba inazimika. Ukipita kwenye tuta, taa ya "mlango uko wazi" inawaka na mlango umefungwa. Shemeji akawa anacheka: "Hiyo ni ethi tu, shemeji, huku pwani chumvi inakula kila kitu." Na kwa hilo hakukosea. Nimekuja kuelezwa kwamba umeme wa gari unarudi kwenye betri kupitia bodi, na pale waya wa ethi unapofungiwa boliti pakishika kutu, umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia taa ya jirani. Ila kujua ugonjwa si kuutibu. Alipuliza dawa ya kutu, akakaza boliti moja, akanywa chai, akaondoka.

Desemba iliyopita tukapata msiba upande wa mume wangu, kule Soni. Tukatoka Tanga mchana, tukapita Segera na Korogwe, na tulipofika Mombo kuanza kupanda mlima magharibi ilikuwa imeshaingia. Mvua nyepesi, ukungu, na zile kona zenu za Usambaa mnazijua. Mume wangu akawasha zile taa kubwa za mbele. Haikupita robo saa nikasikia harufu. Kwanza nilidhani ni breki za lori lililotutangulia. Kisha kitinda mimba wangu, niliyekuwa nimempakata, akasema, "Mama, kuna moshi miguuni." Ulikuwa unatoka chini ya dashibodi, mweupe, mwembamba, unanuka kama plastiki iliyoangukia jiko la mkaa.

Mume wangu akasimamisha gari pembeni, akazima, akaruka nje. Nami nikatoka na mtoto. Nyuma alikuwa mavyaa wangu, mwenye miaka 74 na nyonga mbovu, pamoja na watoto watatu. Mlango wa kusukuma haukufunguka. Komeo la watoto tulikuwa tumeliweka wenyewe ili mdogo asifungue gari likitembea, kwa hiyo kwa ndani hapakuwa na njia. Kwa nje umeme wa vitasa ulikuwa umekufa mlango ukiwa umejifunga, na kile kitufe cha kuufungulia kwa mkono kilikatika kichwa kabla hata hatujalinunua. Siku zote tulikuwa tunategemea rimoti. Watoto wakapita katikati ya viti vya mbele kama paka. Mavyaa tulimvuta kupitia mlango wa dereva, mimi mikono, mkwe mwenzangu aliyekuwa gari la nyuma yetu kiuno. ("Mlinitoa kama gunia la mkaa," alisema mwenyewe kesho yake, akicheka. Mimi sikucheka.)

Mtungi wa kuzimia moto tulikuwa nao, tena una stika. Ulikuwa chini ya mizigo, na tulipoupata mshale wake ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Kilichotuokoa ni ile spana namba 10, ambayo safari ile ilikuwa mfukoni mwa mume wangu. Alifungua terminali gizani, na moshi ukakatika.

Gari lilivutwa hadi Tanga. Safari hii nilikataa lisipelekwe kwa shemeji, na hapo ndipo matata ya nyumbani yalipoanzia. Nililipeleka kwa kijana mmoja wa Makorora anayefanya umeme wa magari peke yake. Alinikalisha kwenye kigoda akanionyesha kila kitu, na nilishukuru, kwani hakuna aliyewahi kunionyesha.

Alizima kila kitu, akaunga mita kati ya betri na waya wake wa hasi. Ikasoma ampea 1.8. Gari lililolala, alisema, halitakiwi kuzidi 0.05 hivi. Betri yetu ni ya ampea 45 kwa saa, kwa hiyo likilala saa 12 tu linakula karibu nusu yake. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, akiangalia mita. Namba haikusogea. Akatabasamu: "Mama, anayekula betri hapiti kwenye fyuzi." Akafuata waya mwekundu kutoka kwenye betri, na kweli, ulikuwa unakwenda moja kwa moja hadi kwenye kikuza sauti cha redio chini ya kiti, hauna fyuzi hata moja njiani. Alipoukata, mita ikashuka hadi 0.04. Miaka miwili ya spana ukutani, mwizi ni redio.

Nao waya huo ulikuwa umepitishwa kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na sisi, bila ule mpira wa kuulinda. Ukingo wa bati ulikuwa umeula plastiki pole pole mpaka shaba ikaonekana, inang'aa. Zile taa kubwa nazo, za wati 55 kila moja, zilikuwa zimeunganishwa juu ya swichi ya taa za kawaida bila rilei (kile kiswichi cha umeme kinachobeba mzigo mkubwa), zikiongeza ampea tisa kwenye waya usiotengenezwa kwa mzigo huo. Waya wa king'ora ulikuwa umesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu ile ile ninayobandikia chati darasani. Mlango wa nyuma, ndani ya ule mpira wa mikunjo, nyaya nne zilikuwa zimekatika kwa kukunjwa na kukunjuliwa miaka yote, na mbili zimeachwa uchi zigusane zipendavyo.

Kisha akafungua boksi la fyuzi. Maandishi ya kifuniko ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni tarakimu. Palipoandikwa 10, ambapo hukaa fyuzi nyekundu, palikuwa na ya kijani, ya 30. Nilijua ni nani aliyeiweka. Ile nyekundu ilikuwa inaungua kila mara, sasa haiungui. Inaungua waya badala yake.

Shemeji aliposikia nimempeleka mtu mwingine "kumchunguza" alinuna wiki tatu. Halafu akaja mwenyewe siku sipo, akafunika yaliyoungua kwa tepu mpya nyeusi, akafua viti, akapaka dashibodi mafuta. Gari linawaka asubuhi, linanukia, linang'aa. Akafanya na jingine.

Taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukinga uso ajalini, ilikuwa inawaka kwenye dashibodi tangu mwaka jana, wiki ile ile honi ilipokufa. Kijana wa Makorora aliniambia hizo mbili ni ndugu: kuna utepe wa nyaya unaojizungusha ndani ya usukani, ukikatika unaondoka na honi pamoja na mfuko wa hewa. Ilipaswa kutengenezwa na mtu anayejua, kwani zile nyaya zenye ganda la njano hazichokonolewi kwa mita wala kwa taa ya kupimia, mfuko unaweza kukulipukia usoni. Shemeji alitengeneza honi kwa kitufe cha pembeni. Taa ya eabegi akaichomoa. Sasa ukizungusha ufunguo haiwaki kabisa, hata zile sekunde chache za mwanzo ambazo inatakiwa iwake ndipo ijizime. Mtu asiyejua ataona dashibodi safi.

Mwalimu mwenzangu wa kemia akaniongezea hofu. Akanikumbusha zile eabegi za Takata ya Japani, kampuni iliyofilisika mwaka 2017, ambazo kemikali yake, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifumuka hurusha vipande vya chuma. Magari mamilioni ya kampuni mbalimbali yaliitwa yarudishwe. Letu la enzi hizo hizo, limezeeka Tanga kwenye joto na unyevu wa kila aina, na limeshapita mikono mitatu tangu litoke kwao. Nani angetuita?

Sasa ndugu zangu, mnunuzi amepatikana. Ni kijana wa Pongwe, mwenye adabu, aliniamkia "shikamoo mama" na kuwapa watoto peremende. Anatoa milioni 7. Anataka gari la kuchukua wanafunzi asubuhi kuwaleta shule za mjini na kuwarudisha jioni. Viti vinane, lakini sote tunajua watakaa wangapi. Mlango mmoja, kitufe kimekatika kichwa.

Mume wangu anasema gari kuukuu huuzwa lilivyo, kila mtu anajua, na mnunuzi ana macho na ana fundi wake. Binti yetu wa kwanza anaingia kidato cha tano, tuna deni la mazishi, na hiyo milioni 7 imeshagawanywa kwenye karatasi kabla haijafika. Mavyaa, niliyemvuta mimi mwenyewe kupitia mlango wa dereva, anasema nikifungua mdomo nitakuwa nimemtangaza mwanawe kuwa tapeli na mdogo wake kuwa fundi wa uongo, na Ngamiani nzima itajua kabla ya Ijumaa.

Kijana wa Makorora ananipa njia mbili. Ya kwanza, kuvua dashibodi yote na kuweka wayaringi nzima kutoka gari jingine la aina hiyo, pamoja na kitasa na utepe wa usukani: milioni 1 na laki 6, wiki mbili, na hatuna. Ya pili, kulikata gari na kuuza spea, injini, giaboksi, milango, tukabaki na kama milioni 4.

Nyie mnaojua umeme wa magari, nyaya zilizoungua nyuma ya dashibodi zikaunganishwa vizuri, kwa risasi ya kuyeyushwa na maganda yake, na fyuzi zikarudi namba zake, gari linaweza kuaminika kubeba watoto, au mpaka wayaringi yote itoke? Kuna namna ya kuzikagua eabegi kwa namba ya chesisi hapa nchini, au bora zitolewe kabisa na mnunuzi ajue hazipo? Na nyie mliowahi kuuza gari mkasema ukweli, mnunuzi alishusha bei kiasi gani? Au alikimbia?

Hasa nawauliza kina mama mlioolewa kwenye familia kubwa. Nimwambie kijana mbele ya mume wangu, au nimtafute pembeni? Nikimtafuta pembeni nimemzunguka mume wangu. Nikisema mbele yake nimemvunjia heshima mbele ya mgeni. Nimejaribu kuongea naye usiku mara tatu, na mara zote amegeukia ukutani.

Kijana anakuja na malipo ya kwanza Jumamosi baada ya adhuhuri. Ile taa ya eabegi nimeipata kwenye kibweta cha spana cha shemeji, ndogo kama punje ya mahindi. Nimeiweka kwenye kopo langu la vifungo, na hakuna anayejua isipokuwa nyinyi.

Mama wa watoto wanne,
Tanga