Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi na Walezi wa Kidato cha Tatu

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: RIWAYA WALIYOSOMA WATOTO WETU MUHULA HUU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunafunga muhula wa kwanza watoto wakiwa salama, na taarifa ya maendeleo ya mwanao imeambatanishwa na barua hii. Nimeona niandike juu ya jambo moja ambalo halionekani kwenye alama, nalo ni namna wanafunzi wa Kidato cha Tatu walivyoisoma na kuijadili riwaya ya Takadini ya Ben Hanson katika somo la Fasihi ya Kiingereza, na jinsi usomaji huo ulivyoanza kuwafundisha kuuona uchungu wa mtu mwingine kana kwamba ni wao.

Kwa wazazi wasioifahamu, hadithi hii imewekwa miongoni mwa Washona, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kabla ya ukoloni. Sekai, mke mkubwa wa Makwati, anakaa miaka mingi bila mtoto, na anapojaliwa mtoto wa kiume, mtoto huyo anazaliwa na ualbino. Mila inataka mtoto wa namna hiyo asiishi. Sekai anambeba mwanawe, anatoroka, na baada ya safari ngumu anafika katika kijiji cha Chifu Masasa, ambako mzee Chivero, mganga na mpiga mbira (ala ya muziki ya Washona), anawapa hifadhi. Huko mtoto huyo, Takadini, anakua huku akidhihakiwa na vijana wenzake, wa kwanza wao akiwa Nhamo, mtoto wa chifu.

Mwalimu wa somo hakutaka wanafunzi wakariri majina na dhamira peke yake. Aliwaruhusu wasimulie kila sura kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu kijana anayepambana na msamiati wa Kiingereza hana nafasi ya kufikiri juu ya moyo wa mhusika, kisha akawataka waandike ukurasa mmoja kwa kinywa cha mhusika wasiyempenda. Wengi walimchagua Dadirai, mke mwenza wa Sekai mwenye wivu. Nilizisoma baadhi ya kazi hizo, na zilinigusa: vijana ambao wiki moja kabla walimwita mwovu walikuwa sasa wanaandika juu ya hofu ya mwanamke anayeona mke mkubwa amejifungua na kupendwa upya, na nafasi yake mwenyewe ikiyumba. Kumwelewa hivyo si kuhalalisha wivu wake, na wanafunzi wenyewe walilitetea jambo hilo kwa nguvu.

Mjadala uliochukua muda mrefu zaidi ulimhusu Makwati, baba aliyenyamaza mila ilipotaka mwanawe asiishi. Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa siku hiyo. Mwanafunzi mmoja wa kiume alisema kwa kujiamini kwamba Makwati ni mwoga na hastahili kuitwa baba. Mwalimu akamwuliza: wazee wote wa ukoo wameketi, baba yako mzazi yumo, na wewe peke yako ndiye unayepinga, simama utuambie ungesema nini. Kijana akasimama, akaanza sentensi, akaikatisha, akaketi. Hakuna aliyecheka. Mwenzake wa kike ndipo akasema kwamba woga wa Makwati unaeleweka, ila aliyetakiwa kuulipia ni mtoto mchanga. Kwa maoni yangu, darasa zima lilijifunza zaidi katika dakika zile kuliko ambavyo hotuba yangu yoyote ya paredi ingeweza kuwafundisha, kwani kijana wa miaka 15 au 16 anaogopa mno kutengwa na wenzake, na hapo alilazimika kuipima hofu hiyo mbele ya uhai wa mtu.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuwezi kuisoma riwaya hii kama habari ya mbali. Wazazi mnakumbuka mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa mikoa yetu kuanzia miaka ya 2006 na 2007, na mnajua kwamba watoto wengi walitenganishwa na wazazi wao wakapelekwa kuishi katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili wasalimike. Watoto wetu wa Kidato cha Tatu walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wachanga, na wengi wao walizisikia habari hizo kwa mara ya kwanza darasani.

Tuliweka sharti moja tangu mwanzo: hakuna mwanafunzi atakayeombwa kujieleza mbele ya wenzake kwa sababu ya ngozi yake, wala kutolewa mfano. Baada ya kumaliza kitabu, viongozi wa darasa walikuja kuniomba paredi ya mchana ihamishiwe kivulini, na wanafunzi wenye uoni hafifu wapewe viti vya mbele bila kusubiri waombe. Maombi yote mawili nimeyakubali, na yataanza kutekelezwa muhula ujao.

Wapo wazazi waliofika ofisini kuuliza kwa nini vipindi vinatumika kwenye hadithi wakati hisabati na sayansi ni ngumu. Riwaya zinatahiniwa Kidato cha Nne, na mwanafunzi hupata alama kwa kujenga hoja na kuitetea kwa ushahidi wa kitabu. Hata hivyo, nawaambia kwa dhati kwamba hata kama zisingetahiniwa, ningeendelea kuwatetea walimu wanaozifundisha namna hii.

Katika likizo hii naomba mzazi utenge jioni moja, mwanao akusimulie hadithi ya Sekai, nawe umwulize ni kwa nini Makwati alinyamaza, kisha umsikilize bila kumkatisha, hata akisema jambo usilokubaliana nalo. Naomba pia dhihaka tulizozoea kuwaita watu wenye ualbino zikome nyumbani, maana watoto huzileta shuleni. Tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, itaangukia likizoni, na inafaa sana kwa mazungumzo hayo.

Nakala za kitabu walizoazimwa wanafunzi zirejeshwe maktaba siku ya kufungua shule. Mzazi anayependa kukisoma mwenyewe anakaribishwa kukiazima kwa mwalimu wa maktaba.

Wako katika malezi,

Mkuu wa Shule