Mbwa wa Shela hawana ugomvi na dini

Mhariri,

Habari yenu kuhusu mbwa katika ufuo wa Shela nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili imeniudhi. Mmeandika kana kwamba upande mmoja pana Waislamu wasiotaka kumwona mbwa, upande wa pili wageni wanaompenda, basi. Nimewasoma miaka mingi bila kuandika neno. Hili siliachi.

Fikihi yetu ya Kishafi, yaani sheria za ibada za madhehebu yetu, haisemi mbwa apigwe mawe. Mbwa mkavu akigusa kanzu kavu, hakuna najisi. Akiwa ameloa, au akilamba, hapo panaoshwa mara saba, moja kwa maji ya udongo. Na mbwa wa ufuoni ndiye huyo aliyeloa. Ijumaa iliyopita, kabla ya adhana, mmoja alitoka majini akamkimbilia mtoto wa kanzu nyeupe, akajikung'uta mbele yake. Mtoto akabaki amesimama, mikono ameitenga na mwili, matone yakimchuruzika kifuani. Mwenye mbwa akapaza sauti kutoka mbali: "Usiogope, hang'ati!" Kwani nani aliuliza kama anang'ata? Kamba ya mita 2 ingetosha. Ile ya kujikunja ndani ya kibweta haifai hapa: mchanga huingia, breki hugoma, na mbwa tayari yuko mita 5 mbele, katikati ya watoto.

Kinyesi ndicho kinachonikasirisha zaidi, na habari yenu haikukitaja hata kwa mstari mmoja. Watu hukifukia kwa mguu wakidhani bahari itakichukua. Bahari haifiki pale juu penye kivuli ila siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi. Mchanga wenye unyevu na kivuli ndipo mayai ya minyoo ya safura ya mbwa yanapoanguliwa, kwa siku moja au mbili tu. Baada ya wiki hivi mabuu yake yako tayari kuingia mguuni mwa mtoto asiyevaa ndara. Hutambaa chini ya ngozi na kuacha mstari mwekundu unaopindapinda, unaowasha usiku kucha. Hiyo si fangasi, msipake dawa ya fangasi. Mpelekeni mtoto zahanati. Kwa hiyo kinyesi kiokotwe, kisifukiwe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, basi chukua kurasa mbili za gazeti, funga, tia katika kopo lenye kifuniko, ondoka nalo. Mbwa apewe dawa ya minyoo kila miezi 3, na chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia umri wa miezi 3, kisha kila mwaka. Na akimkwaruza mtu kwa jino, hata kama ana cheti, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Anayempenda mbwa wake ambebee lita 2 za maji matamu. Asipopewa atakunywa ya bahari, atapike na kuharisha papo hapo. Amwangalie pia kwenye mstari wa takataka za maji kujaa: bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, akitupwa pwani humuua mbwa kama anavyomuua mtu.

Na wanaowaachia mbwa kupanda vilima vya mchanga, na wanaochota mchanga huo kwa punda wakajengee, mbona hamwaandiki? Chini ya vilima vile ndimo yalimo maji ya kunywa ya mji wa Lamu. Mvua huchujwa na mchanga ule ule unaochafuliwa na kubebwa. Hilo ni kubwa kuliko mbwa wote wa Shela.

Nataka ubao mmoja, penye ngazi za gati, kwa Kiswahili na Kiingereza. Mbwa waruhusiwe saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, mchanga ukiwa bado baridi, tena kupita nyumba ya mwisho kuelekea Kipungani. Ijumaa wasije kabisa. Alasiri ni ya watoto, hasa siku za bamvua: maji hujaa wakati huo huo wanapotoka chuoni kusoma Kurani, ufuo wa mbele ya nyumba ukabaki upana wa mkeka, na hakuna pa kumpishia mbwa. Chini ya ubao paachwe nafasi ya kuandika saa ya maji kujaa kila siku, na chaki ifungwe hapo kwa uzi.

Msomaji wenu,
Shela, Lamu