Kayaki zinakodishwa, upepo hauulizwi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari mkoani Lindi. Kila mwaka nawachorea wanafunzi ubaoni mishale ya pepo za msimu, kaskazi na kusi. Januari iliyopita kaskazi hiyo hiyo ilitukwamisha katika kisiwa cha Songo Mnara, mimi na shemeji yangu, siku mbili usiku na mchana. Naomba nafasi nizungumze na wanaokodisha kayaki katika mwambao wetu.

Tulizichukua mbili Kilwa Masoko saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Aliyetukodisha alituuliza kama tunalipa taslimu au kwa simu, akauliza kama tunajua kuogelea, basi. Hakuuliza tunaelekea wapi. Alitupa jaketi moja la kuokolea maisha. La pili tulilipata baada ya kulidai, na mkanda wake ulikuwa umekatika.

Kwenda kulikuwa raha tupu. Tulivuka hadi Kilwa Kisiwani, tukaambaa na mikoko, tukaipita Sanje ya Kati, kaskazi ikiwa mgongoni. Hatari ilikuwa papo hapo na hatukuiona, kwa sababu upepo wa nyuma husikii ukikupiga. Unadhani bahari imetulia na mikono yako ina nguvu, kumbe unabebwa. Tulipofika Songo Mnara tulitembea kwenye magofu ya mji wa kale, yale yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na ya Kilwa Kisiwani, tukala mkate wetu chini ya ukuta wa msikiti.

Saa nane mchana tukageuza. Upepo wa bahari ulikuwa umeungana na kaskazi, na maji yalikuwa yanatoka, yakikutana na upepo uso kwa uso. Hapo wimbi halilali tena, linasimama na kuvunjika. Nilipiga kafi karibu saa nzima huku jicho langu likiwa kwenye mkoko mmoja uliopinda pwani. Ulibaki pale pale. Kisha shemeji akapinduka. Nilimshikia kayaki yake akapanda kwa shida, akasema, "Shemeji, turudi, nimechoka." Tukaiachia bahari iturudishe kisiwani.

Tulimkuta mzee mmoja, nahodha, akishona nyavu. Nikamwamkia, akaitikia, akazitazama kayaki zetu, akasema: "Wanangu, upepo huu hauishi leo wala kesho. Kaeni." Zamani majahazi yaliyoshuka na kaskazi yalikaa miezi huku pwani yakingoja kusi ndipo yarudi Arabuni. Somo hilo nalifundisha. Sikuwa nimewahi kulifikiria nikiwa na kafi mkononi. Mzee alitupa mkeka, muhogo na samaki wa kuchoma, na hakukubali kupokea hata shilingi. Mungu amlipe.

Simu zetu zilikuwa zimelowa. Mjukuu wake alizunguka kijijini kututafutia yenye chaji, na nilipompata mke wangu ilikuwa saa nne usiku. Alikuwa amekwenda mara mbili pale tulipokodi, mumewe na kaka yake wote wawili wako baharini, akajibiwa, "Labda wameamua kulala huko." Hapakuwa na daftari, hapakuwa na mtu aliyejua tumetoka saa ngapi. Jibu hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko mawimbi.

Siku ile sikusikia angalizo lolote, na siilaumu Mamlaka ya Hali ya Hewa. Maangalizo yake ya baharini huzungumzia upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Kwa mashua inatosha. Lakini mpiga kafi wa kawaida huenda kilomita 5 au 6 kwa saa maji yakiwa shwari, na upepo wa mbele wa kilomita 30 kwa saa unaweza kumfanya asisogee. Kwa hiyo bahari inaweza kuwa salama redioni na isiwe salama kwa kayaki.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Wakodishaji wawe na daftari: jina, unakokwenda, saa ya kurudi, simu ya ndugu yako. Saa hiyo ikipita, mtu aingie kwenye boti akatafute, asingoje mke wa mtu aje kulia mlangoni. Mgeni asiruhusiwe kutoka na upepo mgongoni kabla ya kuambiwa atarudije. Na Shirika la Uwakala wa Meli, linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, lizikague kayaki za kukodi na majaketi yake kama mashua za abiria.

Tulirudi siku ya tatu kwa mashua ya wavuvi, kayaki zikiwa zimefungwa kwa kamba juu. Tukatozwa siku zote tatu, nikalipa. Nilipokuwa natoka, vijana wawili walikuwa wanazishusha majini kayaki zile zile, wakielekea kusini. Niliwafuata hadi maji yakanifika magotini, nikawasimulia. Waliniuliza maswali mengi, kisha wakazipandisha tena mchangani.

Mwalimu, Lindi